Wananilipa niseme krimu hii ndiyo iliyoning'arisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwigizaji, nina miaka 26. Nilianza na vichekesho vifupi vya mtandaoni, mwaka jana nikapata nafasi kwenye tamthilia, na tangu hapo jina limeanza kujulikana. Watu wakikuona kwenye runinga wanadhani una pesa. Ukweli ni kwamba malipo ya tamthilia huchelewa kwa miezi, na nyumbani kwetu mimi ndiye ninayetegemewa.

Mwezi huu meneja wangu ameniletea mkataba wa kuwa balozi wa seti ya kung'arisha ngozi: sabuni, losheni ya mwili na krimu ya uso. Ni wa mwaka mmoja, na malipo ya kuanzia peke yake yanazidi yote niliyopata kwenye tamthilia. Wanachotaka ni picha na video kila wiki. Maneno ya kusema wameshaniandikia: kwamba nimetumia seti hiyo kwa miezi mitatu, ngozi yangu imetakata, na kwamba imetengenezwa kwa mimea asilia isiyo na madhara yoyote.

Shangazi, sijawahi kuipaka hata mara moja. Weupe huu nimezaliwa nao, hata picha zangu za utotoni zinaonyesha. Nilipomweleza meneja, alisema hiyo ndiyo sababu wamenichagua mimi. Akaniambia matangazo yote ni maigizo na kuigiza ndiyo kazi yangu. Akaongeza kwamba sitengenezi krimu wala siuzi, natangaza tu, na anayenunua ni mtu mzima mwenye akili zake. Nikikataa, wapo wenzangu wanaoisubiri nafasi hiyo.

Kuna wakati naona ana hoja. Lakini chini ya kila picha ninayoweka, wasichana huniuliza, "Dada, unapaka nini?" Wengine ni watoto wa shule. Nikiwatajia krimu hiyo, najua wataitafuta siku hiyohiyo. Nimeyaangalia makopo yenyewe. Kuna jina la bidhaa, picha ya ua, maelezo ya kupaka usiku, na onyo kwamba isiguse vito vya dhahabu na fedha. Orodha ya viambato sikuiona.

Je, bidhaa ikiwa mbaya, kosa ni langu? Naweza kusaini huku nikijilinda, labda wakiyaondoa hayo maneno ya miezi mitatu? Meneja anataka jibu Ijumaa.

Nisisahau. Seti waliyonipa nijaribu nilimpa mdogo wangu, kwa kuwa mimi sina haja nayo. Ana wiki tatu hivi anaitumia, na kwa kweli uso wake umebadilika haraka sana, mwenyewe amefurahi. Ana mtoto wa miezi sita ambaye bado ananyonya. Ndiyo maana siwezi kusema krimu ni ya uongo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba inafanya kazi.

Mwigizaji njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Mkataba utasubiri hadi Ijumaa. Mdogo wako na mtoto wake hawawezi kusubiri, kwa hiyo naanza na mistari yako ya mwisho. Ukifika hapa, simama kwanza umpigie simu. Mwambie aache seti yote, sabuni ikiwemo, kuanzia sasa hivi.

Kilichonishtua ni lile onyo la vito. Zebaki hushikana na dhahabu na fedha ikaziharibu, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hulihesabu onyo la aina hiyo kuwa dalili ya kushuku kwamba krimu ina zebaki. Siwezi kuipima krimu hiyo nikiwa hapa, na wewe huwezi kuipima kwa macho. Lakini ukijumlisha onyo hilo, kopo lisilo na orodha ya viambato na uso uliogeuka rangi ndani ya wiki tatu, unayo sababu ya kutosha kwenda hospitali. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi inayotukinga na jua, na kwa hiyo mtu huona matokeo upesi. Kufanya kazi kwake ndiyo hatari yenyewe. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, na mahali inapoumiza zaidi ni figo na mishipa ya fahamu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba zebaki haibaki kwa aliyepaka. Mwaka 2010, wachunguzi wa afya katika majimbo ya California na Virginia, Marekani, walizifuatilia familia zilizokuwa na krimu za kung'arisha zenye zebaki, wakaikuta pia katika mikojo ya watu wa nyumba hizo ambao hawakuwa wakizipaka. Inahamia kwenye taulo, kwenye mashuka, kwenye mikono inayombeba mtoto, na mvuke wake huvutwa na kila anayelala chumba hicho. Mtoto wa miezi sita hulaza shavu lake kwenye shingo ya mama. Hushika kila kitu kisha hutia vidole mdomoni. Na zebaki inaweza kupita kwenye maziwa ya mama pia.

Kwa hiyo mdogo wako anawe mikono vizuri, na abadilishe na kufua mashuka, taulo na khanga anazombebea mtoto. Makopo ayafunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ayaweke mbali na watoto. Asiyamwage kwenye sinki wala chooni. Leo, au kesho asubuhi na mapema, yeye na mtoto waende hospitali na makopo hayo mkononi, wamwambie daktari waziwazi, "Nilikuwa napaka hii, nashuku ina zebaki, na ninanyonyesha." Waombe kipimo cha zebaki kwenye mkojo na vipimo vya figo. Kuhusu kuendelea kunyonyesha, asijiamulie mwenyewe wala asiamuliwe na jirani. Hilo ni la daktari, na aliulize siku hiyohiyo. Kama mtoto amekuwa mkali kuliko kawaida, anakataa kula au viganja na nyayo zake zimekuwa nyekundu, wayataje hayo mwanzoni kabisa. Asipokuwa na dalili yoyote, bado waende.

Inawezekana kilichomo si zebaki bali ni steroidi kali, dawa za hospitali ambazo wajanja huzichanganya kwenye krimu za urembo. Hizo nazo hung'arisha haraka. Akishaacha, ngozi inaweza kuwaka, kuwasha au kutoa vipele, na hapo ndipo wengi hurudia kopo wakidhani ngozi "imeikosa" krimu yake. Asirudi, amwonyeshe daktari. Kwa msomaji mwingine ambaye ana miezi au miaka anapaka krimu ya aina hiyo: wewe usiache ghafla bila daktari, kwa kuwa mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe kwa kuizoea ile ya kopo.

Na usimgombeze. Alipewa na dada yake, mtu anayemwamini kuliko tangazo lolote duniani. Mfuate, mshike mkono, muende wote.

Sasa tuje kwenye mkataba.

Umeniuliza kama unaweza kusaini wakiyaondoa maneno ya miezi mitatu. Hapana, na sababu yake meneja wako ameshakwambia mwenyewe: wamekuchagua kwa sababu ya ngozi yako. Hebu fikiria wameyafuta maneno yote. Umesimama kimya mbele ya kamera na kopo mkononi, unatabasamu. Msichana anayekutazama atasoma nini? Atasoma kwamba kopo lile lilitoa ngozi ile. Uongo hauko kwenye hati waliyokuandikia tu, umeshafungwa ndani ya picha, na hakuna kifungu cha mkataba kitakachoutoa. Bidhaa ile haina viambato vilivyotajwa, na katika yote uliyonieleza kuhusu kopo sijasikia anwani ya aliyeitengeneza. Haina ushahidi wowote kwamba ni salama. Ushahidi wanaoutafuta ni uso wako. Ndicho kitu pekee wanachonunua kwako, na ndiyo maana wanalipa zaidi ya tamthilia nzima.

Meneja anasema tangazo ni maigizo. Sikubaliani naye hata kidogo. Ukifa kwenye tamthilia, hakuna anayekuja kwenu na rambirambi, kwa sababu mtazamaji anajua yaliyo ya kuigiza. Kwenye video ile hutakuwa na jina la mhusika. Utasimama kwa jina lako na ukurasa wako, ukimjibu mtoto wa shule aliyekuuliza kwa dhati unapaka nini. Amekuuliza kama anavyouliza mtu nyumbani kwao. Heshima ya kazi ya uigizaji inajengwa juu ya mpaka huo kati ya hadithi na neno lako mwenyewe, na ningekuomba uulinde kwa ajili ya kazi yako hiyohiyo.

Anasema pia kwamba mnunuzi ni mtu mzima mwenye akili zake. Ni kweli, na akili hiyo inahitaji kitu cha kuipima. Mnywaji wa pombe anajua anakunywa pombe. Mvutaji wa sigara ameandikiwa onyo kwenye pakiti. Huyu unayetaka kumpa krimu amefichiwa viambato, kisha anaambiwa ni mimea asilia. Akili yake wameshaifunga macho kabla hajafungua mkoba. Zaidi ya hapo, wewe mwenyewe umesema wengine ni watoto.

Nikueleze kwa nini jambo hili nalishika kwa mikono miwili. Krimu za namna hii si kitu kigeni ambacho dunia haijakigundua. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake walidhurika kwa kula samaki wenye sumu iliyotoka kiwandani, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, mwisho ukiwa mwaka 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho kidogo, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimekoma ifikapo 2025. Bado vinauzwa. Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Sacramento, California, alifikishwa hospitali hajitambui vizuri, na krimu yake ilipopimwa ikakutwa na zebaki ya aina kali zaidi, kiasi cha sehemu 12,000 katika milioni. Krimu ile hakuiokota jalalani. Ilimfikia kupitia kwa mtu anayemfahamu.

Haidrokwinoni, kemikali nyingine inayotiwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi, nayo ina historia yake. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Kwa daktari, kwa kipimo na kwa muda mfupi, bado ni dawa. Lakini kwenye mkorogo, ambako hakuna anayejua imetiwa kiasi gani, mtu akiipaka kwa miaka inaweza kumwachia mabaka ya bluu na nyeusi usoni, hasa mashavuni, ambayo ni magumu sana kuyatibu. Hebu ona ukatili wake: aliyeanza akitafuta weupe anaishia na weusi ambao hakuzaliwa nao, kisha anaongeza krimu ili auondoe. Afrika Kusini iliyaona mabaka hayo kwa watu wake wengi, na mwaka 1990 haikuishia kupiga marufuku krimu za kuchubua. Ilizuia na maneno yenyewe kwenye matangazo ya vipodozi, usiahidi "kung'arisha" wala "kufanya mweupe". Walielewa kwamba tangazo ni sehemu ya sumu.

Hapo umepata jibu la swali lako kama kosa litakuwa lako. Anayetengeneza ana kosa kubwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini sumu iliyokaa kwenye ghala haimdhuru mtu hadi atokee wa kuisemea. Na sheria zimeanza kuliona hilo. Sheria ya India ya kumlinda mlaji ya mwaka 2019 inaruhusu mtu maarufu aliyetangaza bidhaa kwa madai ya uongo kutozwa faini ya hadi rupia milioni moja na kuzuiwa kutangaza kwa hadi mwaka mmoja, na akirudia adhabu hupanda. Sheria hiyohiyo inamwachia yule aliyefanya bidii kuhakiki madai kabla ya kuyasema. Ufaransa mwaka 2023 ilitunga sheria mahususi kwa wanaotangaza mitandaoni. Sheria ya nchi yako utamuuliza mwanasheria, na umuulize pia kama mkataba huo unakutwika wewe malalamiko ya wateja, kwa sababu kampuni isiyo na anwani kwenye kopo haitakuwa na anwani siku ya kesi. Wewe unayo, na wafuasi wako wote wanaijua.

Kuhusu wenzako wanaosubiri nafasi hiyo, huenda mmoja wao atasaini kweli. Sina namna ya kumzuia, nawe huna. Hata hivyo wale wanaokuuliza wewe "Dada, unapaka nini" hawakumuuliza yeye.

Niseme na hili, ingawa hukuniuliza. Najua biashara hii haikuanzia kwenye krimu. Angalia nani hupewa kuwa bibi harusi kwenye tamthilia na nani hupewa kuwa msaidizi wa ndani, mchawi au mke mwenye kisirani. Angalia taa zinavyopangwa, na vichujio vya picha vinavyompausha kila mtu bila hata kuombwa. Msichana mweusi huambiwa "una sura nzuri, ila..." tangu akiwa mdogo, na wanaomwambia ni ndugu zake. Akifika kwenye kopo ameshachoka. Ndiyo maana simlaumu anayejichubua, na sipendi wasanii wanaochekesha watu kwa kumdhihaki mwanamke mwenye mabaka. Ninaowalaumu ni wale wanaomtia aibu kisha wakamuuzia dawa ya aibu hiyo. Wewe umebahatika kutopitia hayo, na kwa sababu hiyohiyo hawa watu wanakutaka upande wao.

Unaweza kuwajibu wasichana wako kwa njia nyingine, tena bila hotuba. Weka ile picha ya utotoni. Andika kwamba rangi hii umezaliwa nayo, hakuna krimu iliyokupa. Kama kuna mafuta ya kawaida unayopaka kulainisha ngozi, sema ni ya kulainisha tu. Waeleze kwamba kopo lisilotaja viambato, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha matumizi halipakwi. Waambie wasome lebo, na wakiona calomel, mercury, mercuric, mercurio au hydrargyrum, hiyo ni zebaki kwa majina yake mengine. Clobetasol na betamethasone ni steroidi. Na kopo likikaa kimya wasilihesabu kuwa salama, kwa maana wengi wanaotia sumu hawaiandiki. Mdogo wako akikuruhusu, na iwapo tu ameruhusu kwa hiari, unaweza siku moja kusimulia yaliyompata. Asiporuhusu, ni siri yake.

Makopo yale, daktari akishayaona, yapelekwe kwa mamlaka ya nchi yenu inayosimamia dawa na vipodozi. Toa taarifa ya maandishi. Waulize kama bidhaa imesajiliwa. Ni jambo ambalo meneja wako alipaswa kulifanya kabla hajakuletea karatasi ya kusaini, na kwa kutolifanya amekuonyesha jinsi anavyoipima kazi yake. Sikwambii umfukuze. Nakwambia umuulize maswali hayo, na usikilize kama atajibu au atakukasirikia.

Pesa. Sitajifanya kwamba ni jambo dogo, na sina mkataba mwingine wa kukupa badala ya huu. Kodi hailipwi kwa msimamo, na wanaokutegemea hawatakula kukataa kwako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ndani ya mkataba huo hakuna tu malipo, kuna na deni ambalo hujatajiwa kiasi chake. Kaa na meneja, mtengeneze orodha ya vitu unavyovitumia kweli kila siku na ambavyo mtu anaweza kuvikagua, mvitafutie wenyewe matangazo hata kama yanalipa kidogo. Malipo ya tamthilia yanayochelewa yadaini kwa barua, ikiwezekana pamoja na waigizaji wenzako mliosaini pamoja, kwa sababu mmoja akidai peke yake huonekana msumbufu. Hiyo ni haki yako uliyokwisha kuitolea jasho, na umeizungumzia kwenye barua yako kama hali ya hewa isiyobadilika.

Usingoje Ijumaa. Ukingoja, utapigiwa simu, utaongezewa dau, na uamuzi utazidi kuwa mgumu. Andika ujumbe mfupi kwa meneja, si kwa simu bali kwa maandishi: "Sitatangaza bidhaa hii. Sijaitumia, haionyeshi viambato wala mtengenezaji, na aliyeitumia katika familia yangu anafanyiwa vipimo. Naomba jina langu na picha zangu zisitumike kuitangaza." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, maana picha zako tayari ziko mikononi mwao. Weka nakala, kisha wahi hospitali.